Maji Baridi Yatangulie Kwenye Beseni

Mtoto wa dada yangu aliungua akiwa na miaka mitatu, jioni ya kawaida kabisa, saa ya kuoga, hapa hapa Arua, kaskazini mwa Uganda. Dada alimimina kwenye beseni maji aliyoyatoa kwenye sigiri, akageuka kufuata ya baridi kwenye jerikeni iliyokuwa mlangoni. Hatua nne tu. Mtoto alishazoea: akiona beseni, anaingia. Nilipofika mbio, ngozi ya mguu ilikuwa imejikunja kifundoni kama utando wa maziwa, na jirani mmoja, kwa nia njema, alikuwa ameshafungua dawa ya meno.

Siku zile tulimlaumu dada. Shangazi alisema ni uzembe, majirani wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi sikubali yote mawili. Dada yangu ni mama makini. Kilichomuunguza mwanawe ni mazoea ya kutanguliza maji ya moto, alivyofanya mama yetu na bibi kabla yake. Kwa hizo hatua nne, beseni huwa ni sufuria ya maji ya moto iliyowekwa chini, bila mfuniko, mbele ya mtoto anayedhani ameitwa. Maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Yanayotoka kuchemka yanapita nyuzi 90.

Tanguliza ya baridi. Ongeza ya moto kidogo kidogo huku mtoto akiwa mbali, koroga, pima kwa kiwiko. Hata akikuponyoka akarukia humo mapema, atalia kwa baridi, basi. Haigharimu hata shilingi moja, na ndiyo maana inaniuma kuona bado hatufanyi.

Na akishaungua? Weka kando dawa ya meno, samli na yai. Mvue nguo, isipokuwa iliyoganda kwenye ngozi, kisha umwagilie jeraha maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Bomba hakuna? Jerikeni ya lita 20 inatosha: lita moja kwa dakika, polepole, kwa kikombe, huku mwili wake uliobaki umefunikwa asipate baridi. Funika jeraha kwa kitambaa safi, uende hospitali. Sisi tulipoteza muda mwingi tukibishana juu ya samli. Kitengo kikubwa cha majeraha ya moto kiko hospitali ya Kiruddu, Kampala, na anayejua barabara ya kutoka huku hadi kule anajua ni safari gani kwa mtoto mwenye maumivu.

Yapo mazoea mengine ya hatari. Wembe mmoja kunyolea nyumba nzima ni hatari hata usipokata sana, kwa sababu homa ya ini aina ya B hupita kwenye damu kidogo mno, na huku kaskazini tunaifahamu. Njiti ya kiberiti sikioni huisukuma nta ndani zaidi, na huweza kutoboa ngoma ya sikio. Acha, nta hutoka yenyewe.

Lakini sakafu za bafu siwezi kuzipita haraka. Bafu letu la nje linatumiwa na vyumba sita. Saruji yake imelainishwa ikawa kama sahani, sabuni ya asubuhi haijakauka jioni, na mtu husahau pale chini jiwe la kusugulia miguu. Mwezi uliopita mzee wa chumba cha tatu aliteleza akavunjika mkono. Hakuna pa kushika, hakuna taa. Wapangishaji wanajua kupandisha kodi. Kukwaruza saruji kabla haijakauka ili ishike mguu ni kazi ya fundi mmoja kwa saa moja, na kipande cha bomba ukutani kinatosha kuwa mshikio.

Wetu ameahidi kurekebisha mwezi huu. Kodi nitampelekea mwenyewe safari hii, nimwombe aje tulitazame bafu pamoja, saa moja jioni, watu wakiwa wametoka kuoga.