Ndafu na mayowe ya New York

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye sherehe hapa Moshi: kipaimara, sendofu, harusi. Ninachosikiliza usiku nikishafunga spika zangu ni siri yangu. Nawapenda Suicide, jamaa wawili wa New York, Alan Vega na Martin Rev, waliopiga panki, ile roki ya fujo, bila gitaa wala mpiga ngoma. Rev alikuwa na kinanda chakavu na mashine ya mdundo, Vega alikuwa na koo lake. Jina la bendi, maana yake kujiua, sijawahi kulitamka mbele ya shangazi.

Sasa, Jumamosi moja tuko Kibosho, kipaimara cha binti wa shangazi huyohuyo. Turubai limejaa, mbege inazunguka, MC kapandwa na mzuka: "Mashemeji, ndafu hiyooo!" Pap, umeme ukakatika.

Nikakimbilia nyuma ya migomba kuwasha jenereta. Ilikuwa ya kukodi, na ilitaka itukanwe kidogo kwanza ndipo ikubali. Ikakubali. Kule mezani laptopu yangu, ambayo betri yake ilikufa siku nyingi, ikawashwa na dogo msaidizi, nayo ikaendelea na nilichokuwa nasikiliza saa nane za usiku: wimbo wao wa mwaka 1977, "Frankie Teardrop", unaopita dakika 10.

Ndafu ilishaingia. Mbuzi mzima, ngozi imeiva hadi inang'aa, majani mdomoni, kabebwa na vijana wanne. Mdundo ukaanza, tku-tku-tku-tku, kama mtu anayehema nyuma ya mlango. Vijana wakatazamana. Nyama inapoa, wafanyeje? Wakaucheza. Na niwe mkweli, ulichezeka! Akina mama wakaunga vigelegele.

Hapo ndipo Vega alipopiga yowe la kwanza.

Mbebaji wa mbele aliachia. Mbuzi akateleza na sinia lake, akasimama pua kwenye keki, majani yakiwa bado mdomoni. Kigelegele kimoja kilikatikia katikati. Shangazi akafanya ishara ya msalaba mara mbili, ya pili kwa mkono wa kushoto.

Mimi natoka migombani mbio, natikisa mikono: "Zima! Zima!" Kwa kelele za jenereta, dogo akaelewa niongezewe sauti. Akaongeza.

Nafika mezani, nakuta fimbo ya babu imelazwa juu ya laptopu. "Acha." Babu alikuwa fundi kiwanda cha kukoboa kahawa, hapo mjini, hadi alipostaafu. "Mashine hiyo naijua," akasema. "Beringi imekwisha."

Katekista naye akaja. "Hawa ni wa dhehebu gani?" Nikamjibu kwamba mwaka 1970, walipoanza, matangazo yao yaliita shoo yao misa ya muziki wa panki.

"Misa?"

Nikahama haraka: kwamba mwaka 1978 kule Brussels watu waliwanyang'anya maiki wakaharibu shoo nzima, na Vega mwenyewe alisimulia kwamba Glasgow alirushiwa shoka jukwaani. Katekista akatulia kidogo. Akasema Glasgow inaonekana kuna waumini.

Yowe la pili. Watoto waliokuwa chini ya meza wakalijibu kwa furaha, wakawa kwaya kamili. MC, mtu wa kazi, akachukua maiki: "Makofi kwa wageni wetu kutoka Marekani!" Watu wakapiga. Keki ikakatwa kuanzia upande ambao mbuzi hakuufikia.

"Huyu kijana analia nini?" babu akauliza.

Nikamtafsiria nusu ya kwanza tu: ana miaka 20, ana mke na mtoto, anafanya kazi kiwandani saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hela haitoshi chakula, na nyumba anafukuzwa.

Babu akatikisa kichwa muda mrefu, kisha akanigeukia kwa hasira.

"Na chama cha wafanyakazi kilikuwa wapi?"