Uppsala wanahesabu, sisi tunafuata mhuri

Hapa Uppsala, Uswidi, yeyote mwenye intaneti anafungua takwimu za vita za chuo kikuu na kuzipakua bure: tarehe, kijiji, idadi ya waliokufa, chanzo cha habari. Mapigano yakiua watu 25 kwa mwaka yanaingia kwenye orodha; yakifika 1,000 yanaitwa vita. Sheria ya kumruhusu raia kuomba nyaraka za serikali wanayo tangu 1766, Seyyid Said hajazaliwa bado.

Nyumbani Tanzania, ukitaka kumuuliza mwanakijiji habari za usalama, unaanza na kibali cha COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, halafu barua ya mkoa, wilaya, kata, mpaka mtendaji wa kijiji agonge mhuri. Mtendaji mwingine anavuta kiti, anakaa kusikiliza majibu. Mwaka 2018 Twaweza, shirika la kiraia linalokusanya maoni ya wananchi, walitangaza kwamba wanaoukubali utendaji wa Rais Magufuli wameshuka kutoka asilimia 71 hadi 55. COSTECH ikawaandikia barua ya kujieleza, na mkurugenzi wa Twaweza akashikiliwa pasipoti. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikawa kosa kutoa takwimu za kupotosha zile za serikali. Kipengele hicho kilifutwa 2019, ila woga haufutwi bungeni.

Msidhani nimelewa Ulaya. Kwenye semina zetu watu wanaichambua Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji wenye vita unaopakana na Tanzania, kwa ufasaha mkubwa, lakini hawajui kwamba Wamakonde wako kingo zote mbili za mto Ruvuma na wanaoleana. Takwimu zile zinategemea sana habari zilizoandikwa. Kijiji kisichofikiwa na mwandishi, maiti zake hazimo. Oktoba 2020 wapiganaji wa huko walivuka mto wakashambulia Kitaya, Mtwara. Anayejua kilichotokea usiku ule ni mama wa Kitaya, na mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, angemhoji kwa Kiswahili, bila mkalimani. Basi apewe kibali mapema, na mtendaji abaki ofisini kwake! Hilo halihitaji mfadhili.

Halafu kuna hili la kulalamika kwamba wazungu wanatupangia alama za demokrasia. V-Dem, mradi wa kupima demokrasia wa Chuo Kikuu cha Gothenburg hapa Uswidi, unaotajwa sana, unawauliza wataalamu wa kila nchi, na wengi wao ni wenyeji au wakazi wa nchi hizo. Majina yao yanafichwa kwa usalama wao. Kumbe wanaotupa alama ni wenzetu, na wanachokiogopa kipo huko nyumbani, si huku kwenye baridi.