Nta ya Nani Kwenye Kuta za Pompeii?

Ukisoma kwamba maabara imekuta nta ya nyuki kwenye mchoro wa ukutani wa Kirumi, usiharakishe kuamini kwamba mchoraji ndiye aliyeipaka.

Wataalamu wengi hushikilia kuwa kuta hizo ni fresko. Rangi ilikorogwa kwa maji na kupakwa kwenye lipu mbichi ya chokaa. Chokaa ikavuta kaboni dioksidi hewani, ikageuka jiwe na kuifunga rangi humo. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi wa karne ya 1 KK, anaeleza lipu yenye matabaka matatu ya mchanga na matatu ya unga wa marumaru, na kusema rangi iliyopakwa ingali mbichi haibanduki. Kuna ushahidi mwingine Pompeii, mji wa Kirumi huko Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius: nyumba ambayo mafundi waliikimbia Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 BK, wakaacha vyungu vya rangi na ukuta uliokamilika juu, chini bado.

Wapinzani, wanaosema rangi ilishikishwa ukutani kwa nta au kishikishi kingine, nao hawakosi hoja. Vitruvius huyohuyo anasema zinjifuri, ile nyekundu itokanayo na zebaki, huwa nyeusi ikipigwa na jua, kwa hiyo ipakwe nta yenye mafuta kidogo, ipashwe moto wa makaa, kisha ing'arishwe kwa kitambaa. Pliny, mwandishi wa Kirumi, naye anataja rangi zinazokataa lipu mbichi, nili ikiwamo. Hizo zilishikishwa na nini? Yai? Gundi ya ngozi?

Hapo ndipo inapoingia kromatografia ya gesi, kipimo cha maabara kinachotenganisha kemikali zilizomo kwenye sampuli, na chembe ndogo tu ya rangi inatosha. Nta ya nyuki hujitambulisha kwa hidrokaboni, yaani kampaundi za kaboni na hidrojeni, zenye idadi witiri ya atomi za kaboni, hasa 27. Nta itokanayo na mafuta ghafi, yaani parafini, huwa na witiri na shufwa kwa pamoja. Kwa hiyo parafini iliyopakwa na warekebishaji wa michoro wa siku hizi hunaswa upesi. Tatizo ni kwamba wao pia walitumia nta ya nyuki: kuta za Villa dei Misteri, jumba la Kirumi nje kidogo ya Pompeii, lililofukuliwa kuanzia 1909, zilipakwa nta zikafifia chini yake. Kaboni 14, kipimo cha umri wa vitu vya kale, ingeweza kutofautisha nta ya kale na ya juzi, lakini zikichanganyika hutoa umri wa katikati usio wa yeyote.

Protini ni ngumu zaidi. Haidroksiprolini, asidi amino ambayo yai halina, hufichua gundi ya ngozi, lakini vijidudu pia huacha protini zao ukutani. Na kutokuta kitu si ushahidi mkubwa: unyevu na ukali wa chokaa vimekuwa na karne karibu 20 za kukila.

Mimi naegemea fresko kwa uwanja mkubwa wa ukuta, na kishikishi kwa maua na sura zilizoongezwa juu lipu ilipokwisha kukauka. Nta kama kishikishi kikuu bado haijanishawishi. Ningebadili mawazo kwa vipande vilivyotoka ardhini leo, kabla mrekebishaji hajavigusa, vikipimwa pamoja na udongo uliovizunguka na lipu iliyo nyuma ya rangi.