Rungwe haina theluji, jamani

Mtoto wa kaka yangu kanitumia orodha. Kuna kikundi kinaandaa safari ya kupanda Mlima Rungwe, huku kwetu Mbeya, mwezi wa saba, kulala mlimani, halafu kusogea uwanda wa Kitulo. Mwandaaji kaorodhesha vifaa ambavyo kila mshiriki lazima awe navyo. Niliisoma nikiwa namenya viazi, nikairudia kwa sauti ili mume wangu naye asikie. Jaketi la manyoya ya bata. Buti za barafu. Vyuma vya meno vya kufunga chini ya hizo buti. Miwani ya theluji. Mfuko wa kulalia wa nyuzi 20 chini ya sifuri. Na mwisho, kwa herufi kubwa: ASIYEKUWA NAVYO HATAPANDA.

Theluji ipi? Mimi nimekulia Isongole, hapo hapo Rungwe. Kule kinachoanguka kutoka juu ni mvua, manyunyu na ukungu, na siku Mungu akikasirika, mvua ya mawe. Ni wazi mtu kaingia mtandaoni, kakuta orodha ya watu wanaotembea wiki nzima kwenye theluji huko Norway au Alaska, kaichukua mzima mzima, kaandika Rungwe juu yake, kisha kaja kutuuzia ukali.

Ningecheka nikaendelea na viazi vyangu kama yule binti asingemalizia hivi: "Basi shangazi, nimeghairi. Bumu lote, hela yangu ya mkopo wa chuo, halifiki hata hizo buti." Hapo ndipo nilipoweka kisu chini. Binti amezaliwa Tukuyu. Mlima ule ameuona kila asubuhi alipokuwa anakwenda shule na ndoo ya maji kichwani, leo anaambiwa hafai kuupanda mpaka awe na vyuma vya meno. Na mwandaaji mwenyewe, nina hakika, hajawahi kulala huko mwezi wa saba. Angekuwa amelala, orodha yake ingeanza na mvua.

Maana hilo ndilo jambo lenyewe. Baridi yetu ni ya maji. Kule orodha ilikotoka baridi ni kavu: theluji inakuangukia begani, unaikung'uta, unaendelea na safari. Manyoya ya bata kule ni mfalme kwa sababu yanashika hewa nyingi kwa uzito mdogo, na adui yake pekee ni jasho lako. Rungwe ina mita 2,960 hivi na imesimama mbele ya Ziwa Nyasa kama imetumwa kukinga mawingu. Wakati Iringa vumbi linatimka, Tukuyu watu wanatembea na miamvuli. Unaweza kuwa juu kule saa nane mchana, kipimajoto kinasoma nyuzi 7 au 8 juu ya sifuri, hakuna barafu hata chembe, na mtu akawa anakufia mikononi. Nguo imelowa, upepo unapiga, na maji yanauibia mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Manyoya ya bata yakilowa yanashikana madonge na kulala bapa. Umelipa laki kadhaa kubeba kitambaa chenye maji.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Tulimpandisha Ngosi, mlima jirani wenye ziwa la kreta juu yake, mgeni mmoja kutoka Dar, shemeji wa watu, mtu mwenye afya yake. Alivaa jinzi na sweta zito la pamba lenye kofia, akatuambia amejiandaa. Mvua haikunyesha. Ulikuwa ukungu tu, na mianzi inayodondosha maji kila ukiigusa, pamoja na jasho lake mwenyewe. Tulipofika ukingoni juu ya ziwa, wenzake wanapiga picha, yeye kasimama pembeni anahangaika na zipu. Vidole havikamati. Ukimuuliza kitu anajibu kwa ulimi mzito, na jibu haliendani na swali. Kijana aliyekuwa anatuongoza ndiye aliyeng'amua: akamvua lile sweta, akamvisha la kwake la sufu, akamfunika mzula mpaka masikioni, akamlazimisha kula karanga na kutembea kushuka. Alipofika chini alikuwa anatania tena. Lile sweta tulilibeba kwa zamu, lilikuwa zito kama mtoto.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila nguo unayotaka kuipandisha milima yetu ni hili: ikilowa, itakuwaje? Pamba inakunywa maji na kukataa kuyaachia. Jinzi ni pamba. Fulana ya kampeni ni pamba. Shati la ndani ulilozoea ni pamba. Sufu nayo inakunywa, inaweza kubeba maji karibu theluthi ya uzito wake, lakini bado inakupa joto. Polista hainywi karibu chochote; unaikamua, unaivaa, joto la mwili linamalizia kuikausha. Ukiwa na sufu au polista mwilini, sweta jepesi la manyoya-manyoya ya polista juu yake, na jaketi la kuzuia mvua na upepo nje kabisa, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Vitu vyote hivyo vinaning'inia sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, sasa hivi, vinakusubiri.

Ndiyo, mitumba. Najua kuna watu wanaikunjia pua. Hao Wazungu wanaotuandikia orodha wakichoka na nguo zao wanazitoa, na zinafungwa kwenye marobota, na robota linafunguliwa mbele yako asubuhi na mapema. Jaketi lililotengenezwa kwa mvua ya Uskoti liko pale kwa bei ya chipsi kuku, muuzaji hajui ni nini, anadhani ni la bodaboda. Wewe ndiye unatakiwa ujue.

Lebo zikiwepo, zisome. Mara nyingi zimekatwa, basi fanya hivi: vuta uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, uushike kwa kibano au kwa kucha ukiwa na roho ngumu, uwashie kiberiti. Pamba inaungua haraka, inanuka karatasi, inaacha majivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua, na ukiondoa moto inajizimia yenyewe. Polista inajikunja, inayeyuka, inabaki kidonge kigumu ambacho hakivunjiki kirahisi kati ya vidole. (Subiri kipoe.) Muuzaji atakuja juu. Yule wangu aliniambia, "Mama, sasa unanichomea mzigo?" Nikamwambia, "Mdogo wangu, ni uzi tu, na nguo nachukua." Siku hizi akiniona anatoa kiberiti mwenyewe.

Jaketi la mvua lina mtihani wake. Geuza ndani nje. Kama mishono yote imebandikwa utepe kwa juu, aliyelishona alikuwa anafikiria mvua. Utepe ukiwa unabanduka, au utando wa ndani unapukutika vipande vyeupe ukiusugua, rudisha hata kama jina la kifuani ni kubwa, hilo limekwisha. Mwaga maji kidogo begani, weka kiganja kwa ndani, piga soga dakika chache. Kitambaa cha nje kikigeuka rangi kwa kulowa si tatizo sana. Kiganja kikipata unyevu, ni tatizo.

Halafu kuna namna ya kuvaa, ambayo hainunuliwi. Watu wetu wakifika mlimani alfajiri wanavaa kila kitu walichonacho, wanaanza kupanda wamejifunga mpaka kidevu. Baada ya saa moja migongo inachuruzika. Wakifika juu wanasimama kupumzika, upepo unawakuta wamelowa kwa jasho lao wenyewe, hapo ndipo meno yanaanza kugongana. Anza ukiwa unahisi baridi kidogo. Sweta na jaketi viwe kwenye begi, vivaliwe pale unaposimama, kabla hujaanza kutetemeka. Na ndani ya begi weka mfuko wa nailoni wa kumeza kila kitu. Ule wa ndani ya kiroba cha mbolea, ukiuosha vizuri, hakuna wa dukani unaoushinda, na kila nyumba ya mkulima wa viazi inao.

Kitulo ni habari nyingine kidogo, na hapa ninamwachia mwandaaji nukta moja, moja tu. Uwanda ule uko mita 2,600 hivi, Mbeya mjini ni kama 1,700. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi sita na kitu, hata bila kuhesabu upepo. Juni na Julai anga linakuwa safi, usiku unaingia chini ya sifuri, asubuhi majani yana jalidi mpaka yanalia ukiyakanyaga. Maua ambayo yaliwafanya watu waite mahali pale Bustani ya Mungu hayapo wakati huo, yanasubiri mvua, kwa hiyo anayekwenda Julai anakwenda kwa ajili ya nyika na nyota. Katika usiku mkavu wa namna hiyo, haya, jaketi la manyoya ya bata ni neema. Ukiwa nalo, libebe ndani ya nailoni. Usipokuwa nalo, vaa masweta mawili ya manyoya-manyoya na mzula, utaishi.

Lakini nyuzi 20 chini ya sifuri kwa mfuko wa kulalia ni kumtesa mtu bure. Tena watu wanadanganywa na namba. Ile iliyoandikwa kubwa kwa nje mara nyingi ni ya muuzaji. Tafuta lebo ndogo: mifuko iliyopimwa kwa viwango inaonyesha joto la kulala kwa raha, na joto la ukomo, ambalo mtu amejikunja anasubiri kuche. La raha hupimwa kwa mwili wa mwanamke wa kawaida, la ukomo kwa mwanamume. Mabinti, someni la kwanza. Likiwa sifuri au chini yake kidogo, na umevaa soksi kavu zilizotunzwa kwa ajili ya kulalia tu, Kitulo inalalika. Kilichosahauliwa kabisa kwenye orodha ni mkeka wa sponji. Mfuko ukiulalia unabonyea, hewa inatoka, ardhi inakunyonya joto usiku kucha. Mfuko wa kawaida juu ya sponji nzuri unaushinda mfuko wa bei mbaya uliotandikwa juu ya turubai.

Buti: za mtumba zinafaa, ila bonyeza soli kwa dole gumba pembeni, ikichanika au kutoa ungaunga, gundi na sponji yake vimeoza kwa uzee hata kama juu inang'aa, na itakuachia mguu porini. Gamboti, wanazovaa wachungaji wa Kitulo, zinafaa kwenye tope na umande. Kwenye miteremko ya Rungwe zinateleza na kupika miguu. Basi.

Na wewe uliyekaa tayari kuniandikia kwamba babu zetu walipanda pekupeku na shuka moja: babu zetu walikuwa na akili ya kugeuza wakiona wingu. Wewe umeshalipia, una ratiba na una picha za kupiga.

Kuna jambo moja sitaki kulifanyia mzaha. Msiingize jiko la mkaa ndani ya hema. Wala usiku mmoja, wala kidogo tu mpaka usingizi uje, wala kwa kuacha zipu wazi kwa juu. Makete, Njombe, Mbeya, tunazika watu waliolala na jiko chumbani kwa sababu ya baridi, na chumba kina nafasi kuliko hema. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu. Mtu hakohoi, haamki. Waandaaji, liandikeni hili kwa hizo herufi zenu kubwa.

Sasa tuzungumze biashara, maana nina hakika mwandaaji ataniambia yeye ana jukumu la usalama. Sawa, analo. Hapa hapa Mbeya mtu anakodi viti vya harusi, maturubai, sahani, hata suti ya bwana harusi anayoivaa siku moja na kuirudisha ina doa la pilau. Kwa nini mfuko wa kulalia lazima kila mwanafunzi aununue? Mkiwa na mifuko michache mizuri, mikeka ya sponji na majaketi ya mvua mliyoyachagua wenyewe kwenye robota, mkawa mnaifua na kuianika baada ya kila safari, ada mnayotoza inatosha kabisa, na usalama mnaoudai mtakuwa mmeushika mikononi badala ya kuutuma kwa simu. Vyuo hapa mjini havihesabiki. Atakayeanza aniambie, mimi namletea wateja wa kujaza Coaster, na wa kwanza tayari ninaye.