Risiti ya mawese kwanza, soko la Afrika baadaye

Juzi nimekaa ukumbini hapa Arusha namsikiliza mtaalamu akituhimiza "tuchangamkie fursa". Eneo Huru la Biashara Afrika, watu zaidi ya bilioni moja, ramani ya bara zima ukutani. Mama mmoja mtengeneza sabuni akauliza: nikifika mpakani Namanga natoa karatasi gani? Akajibiwa, "Tutafika huko, mama." Hatukufika. Sambusa tulifika.

Jamani, anayetaka kuuza nje aanze na faili la risiti, soko litamkuta. Sabuni haisamehewi ushuru eti kwa sababu imechemshwa Arusha. Inasamehewa ikithibitika ina uasili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani imezalishwa ndani ya nchi zake kwa kiwango kinachokubalika, na hapo ndipo wengi tunapoumbuka. Mawese ya kutengenezea sabuni umenunua wapi? Ya Kigoma? Safi, onyesha risiti. Ya Malaysia? Basi kanuni za uasili za 2015, kwa bidhaa nyingi, zinataka thamani ya malighafi ya nje isizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani, na hesabu hiyo huipigi kichwani mbele ya ofisa wa forodha huku dereva anapiga honi. Sisi dumu tunalichukua sokoni, risiti hakuna, muuzaji mwenyewe hajui limetoka wapi. Halafu tunaomba cheti cha uasili! Namfahamu mtu mzigo wake ulilala mpakani kwa sababu ankara inasema "sabuni mchanganyiko" na cheti kinasema "sabuni ya kufulia". Wakala wake wa forodha? Simu haipatikani. Ndiyo maana njia za panya hazikosi wateja.

Haya, nikiri: cheti kilichorahisishwa, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, kimewasaidia wadogo. Ila bidhaa lazima iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, na orodha hiyo sijaiona ikibandikwa mahali mama wa sabuni atapita.

Ushuru sifuri nao haukufungulii kila geti. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, Jumuiya au si Jumuiya.

Nanyi mnaoagiza msicheke: mzigo wa Kampala usio na cheti utatozwa kama umeshuka kutoka Guangzhou.

Waandaaji, safari ijayo ramani iacheni ofisini. Leteni fomu ya cheti, tuijaze pamoja kisanduku kwa kisanduku, na ofisa wa forodha awepo atuambie ni ipi angeirudisha na kwa nini.