Mnasihi wa shule anapobebeshwa yote

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alinijia saa ya mapumziko akiwa na fomu ya kuacha Kemia. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa na pia mwalimu wa unasihi, kwa barua ya uteuzi yenye mistari minne. Kwenye nafasi ya "Sababu" alikuwa ameandika: "Somo ni gumu." Nikamuuliza kama ana hakika. "Ndiyo, mwalimu." Nikamuuliza kama nyumbani wanajua. "Wanajua, mwalimu." Nikasaini, akaondoka, kengele ikalia.

Miezi kadhaa ilipita ndipo nikajua kwamba Kemia ilikuwa kipindi cha mwisho cha siku, na kwamba saa hiyo alitakiwa awe ameshafika nyumbani kumgeuza mama yake kitandani, maana ndugu aliyekuwa akimwangalia mgonjwa alikuwa akiingia kazini zamu ya jioni. Alama zake za Kemia muhula ule zilikuwa za tatu darasani. Karatasi ya matokeo ilikuwa juu ya meza yangu, chini ya fomu niliyoisaini.

Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu bila kuzunguka: wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa walimu waliokaa kwenye kamati ya nidhamu iliyompa adhabu kwa kutoroka kipindi cha mwisho.

Fomu ile ndiyo inayonirudisha kila mara kwenye hoja ambayo walimu na wazazi wengi wanaibishania. Je, mwanafunzi wa sekondari awe na mnasihi mmoja wa kumsaidia katika masomo, mipango ya baadaye na ustawi wake, au mambo hayo matatu wapewe watu tofauti? Nimewahi kusimama pande zote mbili. Leo naona kwamba hata tukikubaliana kuugawa mzigo, huwa tunaukata mahali pasipo pake.

Kazi yenyewe haikuzaliwa na mizigo mitatu. Mwaka 1907, huko Grand Rapids, Michigan, mkuu wa shule aitwaye Jesse B. Davis aliwataka walimu wa Kiingereza watumie insha kuwafikirisha wanafunzi juu ya tabia zao na kazi ambazo wangependa kuzifanya. Mwaka uliofuata Frank Parsons akafungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston. Mafundisho yake yalichapishwa 1909, baada ya kufariki kwake, na yalikuwa ya hatua tatu: kijana ajijue, azijue kazi na matakwa yake, kisha apime kwa akili tulivu jinsi hayo mawili yanavyooana. Halafu Oktoba 1957 Wasovieti wakarusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani. Marekani ikashtuka, na mwaka 1958 ikapitisha sheria ya kugharimia elimu kwa ajili ya ulinzi wa nchi. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye mitihani ya kupima uwezo na kwenye mafunzo ya wanasihi, ili vijana wenye vipaji watambuliwe mapema, hasa wa sayansi. Hapo mnasihi akawa pia mchujaji kwa niaba ya taifa. Ustawi wa kijana uliingia ofisini humo taratibu, ukakuta kiti kimeshakaliwa na ratiba, alama na mafaili.

Chama cha wanasihi wa shule cha Marekani, kilichoundwa 1952, leo kinazitaja nyanja tatu kwa pamoja: masomo, kazi, na mambo ya kijamii na kihisia. Kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, lakini wastani wa nchi hiyo umebaki juu ya 350 miaka nenda miaka rudi. Na hata 250 si wachache. Mpe kila mmoja nusu saa tu, utapata saa 125, zaidi ya wiki tatu za kazi ya saa nane kwa siku, bila kikao na bila mwanafunzi hata mmoja kurudi mara ya pili. Anayehitaji msaada wa kweli harudi mara mbili tu.

Wanaotetea mnasihi mmoja wa yote wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Tabu ya kijana haiji imeandikwa jina kwenye paji la uso. Alama zimeshuka, hilo utasema ni la masomo. Zimeshuka kwa sababu halali usiku, sasa ni la ustawi. Halali kwa sababu ukoo mzima unamwita "daktari" tangu akiwa mdogo, na yeye akiona damu hupata kizunguzungu. Sasa ni la mustakabali. Ofisi ya kwanza itampa ratiba ya kujisomea, ya pili itamwambia avute pumzi, ya tatu itampa kijitabu cha vyuo. Kila ofisi itakuwa imefanya kazi yake vizuri, na yeye atarudi kitandani macho makavu.

Ipo hoja nyingine ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi, nayo ni ya aibu. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 42, hao ni 6. Wangapi kati ya hao sita watapita koridoni mbele ya wenzao, wabishe mlango wenye kibao cha "Mwanasaikolojia"? Lakini mlango wa kuulizia masomo hauna aibu, kila mtu huuingia. Fomu ya kubadilisha somo ni kisingizio chenye heshima. Kijana huja nayo mkononi akipima sura ya anayempokea, na kama sura ni njema huenda akakaa dakika tano zaidi, akasema lile lililomleta. Ukikitoa kisingizio hicho, wapo watakaobaki nje milele.

Upande wa pili una ushahidi wake. Mwaka 1963 Aaron Cicourel na John Kitsuse, wanasosholojia wawili, walichapisha utafiti uliochunguza jinsi wanasihi wa shule moja kubwa ya sekondari Marekani walivyowapanga wanafunzi: nani wa kuelekezwa chuo kikuu, nani mwenye uwezo ila mvivu, nani mwenye matatizo. Waliona kwamba uamuzi haukutokana na alama peke yake. Namna mnasihi alivyomsoma mwanafunzi, pamoja na tabaka la familia yake, iliingia humo. Tafakari maana yake kwa kijana anayetaka kufungua moyo. Anamweleza mnasihi kwamba baba anakunywa, au kwamba yeye mwenyewe amewahi kujikata mkono, na anayemsikiliza ndiye atakayeandika barua ya kumpendekeza chuoni mwaka ujao. Hata mnasihi awe mwadilifu kiasi gani, alichokisikia hawezi kukifuta kichwani. Kijana analijua hilo, na ndiyo maana huandika "Somo ni gumu".

Liko pia suala la ujuzi. Kumsaidia mtu achague kati ya Fizikia na Historia ni kazi moja, na kumsikia mtu akisema hataki kuishi ni kazi nyingine kabisa. Mwalimu aliyehudhuria semina ya siku chache asiachwe peke yake na jambo la pili. Nimeona mwenzangu akitoka kwenye chumba kama hicho, anatetemeka mikono, kisha anaingia kufundisha vipindi viwili mfululizo kwa sababu hakuna aliyemshikia darasa. Tunazungumza sana juu ya ustawi wa mwanafunzi, ila huyu mwalimu aliyeubeba usiku ule hadi nyumbani kwake hana wa kumuuliza amelalaje.

Na dharura hula muda wa wengine. Mnasihi wa yote akipata kesi mbili za kilio kwa wiki, mipango ya baadaye ya wanafunzi mia mbili husukumwa hadi wiki ya mwisho ya kujaza maombi ya chuo. Anayeumia zaidi hapo ni yule mtulivu wa katikati, hafeli wala hang'ari, hagombani na mtu. Anamaliza shule bila mtu mzima hata mmoja kuwahi kumuuliza anapenda kufanya nini.

Ufini imechagua kugawa. Yupo mwelekezaji wa masomo na kazi, na kando yake wapo mwanasaikolojia na mhudumu wa ustawi wa jamii wa shule. Sheria ya huduma za ustawi wa wanafunzi iliyoanza kutumika Agosti 2014 inasema mwanafunzi akiomba kuonana na mmoja wa hao wawili, apewe nafasi ndani ya siku 7 za kazi za shule, na ikiwa ni dharura, siku hiyo hiyo au siku ya kazi inayofuata. Baadaye wakaongeza viwango: mhudumu wa ustawi mmoja kwa wanafunzi 670 wasiozidi, mwanasaikolojia mmoja kwa 780. Na mwelekezo wa masomo na kazi si fadhila ya ofisini tu, ni somo lenye vipindi kwenye ratiba, jumla ya saa 76 katika madarasa ya 7 hadi 9.

Mpangilio huo unavutia, lakini una sharti lake: watu wawepo. Shule isiyo na mwanasaikolojia ikitangaza mgawanyo, kilichogawanywa ni maneno. Mnasihi atamwambia mwanafunzi "hilo si langu", na hakutakuwa na mwenye nalo. Kwa kijana aliyejikaza wiki tatu ili abishe mlango, "hilo si langu" ni jibu litakalomfunga mdomo kwa miaka.

Kwa hiyo nasimama wapi? Mlango ubaki mmoja. Sioni njia nyingine ya kumlinda kijana na macho ya koridoni, wala ya kumwona akiwa mtu mmoja kamili badala ya vipande vitatu. Ninachotaka kikatwe ni mamlaka. Mgawanyo wa haki uwe kati ya kumsikiliza kijana na kumwamulia. Anayepokea siri asiwe anayetoa adhabu, asiwe anayepanga nani aingie mkondo upi, na barua za mapendekezo ziandikwe na walimu wa masomo wanaomjua kwa kazi yake ya darasani. Hilo si wazo langu peke yangu. Chama kile cha Marekani kimekuwa kikiorodhesha kutoa adhabu, kuratibu mitihani na kushikia madarasa kuwa kazi zisizomfaa mnasihi, na kinataka asilimia 80 ya muda wake iende kwa wanafunzi. Orodha ipo, na bado ukiingia shuleni msimu wa mitihani utamkuta mnasihi anahesabu bahasha.

Nitaambiwa kwamba mnasihi asiye na mamlaka hana meno: nani atamsikiliza akisema ratiba ya mtoto ibadilishwe? Hoja hiyo ina ukweli. Nilipojua habari za mama yule, kuhamisha kipindi kulihitaji mtu mwenye sauti kwenye kikao cha walimu. Lakini kutetea si kuamua. Mnasihi anaweza kuingia kikaoni na kusema, "Namwombea huyu kipindi chake kihamishwe, nina sababu, na naomba mniamini," bila kuitoa siri na bila kupiga kura juu ya adhabu. Mkuu wa shule akiwa mtu wa kuelewa, meno hayo yanatosha.

Mipango ya baadaye ndiyo sehemu rahisi kuitoa ofisini. Hatua ya pili ya Parsons, kuzijua kazi na njia za kuzifikia, haina siri yoyote. Wanafunzi 40 wanaweza kufundishwa kwa pamoja, wakiwa bado na miaka miwili ya kubadili mawazo: masomo gani yanafungua milango ipi, ufadhili huombwaje, fundi umeme anafunzwa wapi na kwa muda gani. Ikishaingia kwenye ratiba, ofisi hubakiwa na maswali yasiyoweza kuulizwa mbele ya watu. Yule wa kizunguzungu cha damu hahitaji kijitabu kingine. Anahitaji mtu wa kumsaidia kupanga maneno atakayomwambia baba yake.

Kwa mambo mazito, mnasihi awe na pa kumpeleka kijana, na njia hiyo ijulikane kabla ya siku ya dharura: nani anapigiwa simu, nani anamsindikiza, nani anabaki naye wakati wa kusubiri. Mipaka ya siri nayo itajwe mwanzoni kabisa, kabla kijana hajafungua kinywa: ukiniambia unataka kujidhuru, au kumdhuru mtu, au kwamba kuna anayekudhuru, nitalazimika kumweleza mtu mwingine, na nitakuambia ni nani. Wapo watakaosita wakisikia hivyo. Ni afadhali wasite kuliko kugundua baadaye kwamba walidanganywa.

Kuajiri wanasaikolojia ni fedha na ni miaka, na ni vita vinavyostahili kupiganwa. Ila kumwondoa mwalimu wa unasihi kwenye kamati ya nidhamu ni barua moja ya mkuu wa shule, yenye mistari minne kama ile ya uteuzi, na inaweza kuandikwa kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza.