Hekta laki moja zilizopotea kwenye hesabu

Tathmini ya misitu ya Tanzania Bara, ile iitwayo NAFORMA iliyotoka mwaka 2015, ilisema nchi inapoteza wastani wa hekta 372,000 na ushei za msitu kila mwaka. Miaka michache baadaye serikali ikapeleka Umoja wa Mataifa kiwango rejea, yaani kipimo cha kulinganishia, cha hewa ukaa itokanayo na ufyekaji wa misitu, na humo hasara ya mwaka ikasomeka hekta 469,000 na ushei. Tofauti inakaribia hekta laki moja. Hakuna aliyedanganya: vipindi vilivyolinganishwa havikuwa vilevile, na mbinu hazikuwa zilezile. Ila bwana misitu wa wilaya akiulizwa ni ipi ya kupangia kazi, atakuna kichwa.

Tofauti za namna hii ndizo zinazowapa nguvu wanaosema tuachane na kupeleka watu porini kupima miti, setilaiti ifanye kazi yote. Hoja yao si nyepesi. Picha za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na kila nukta yake inafunika mita 30 kwa 30. Mtu aliyeketi Dodoma na kompyuta ya kawaida anaweza kuona shamba jipya la ufuta lililofyekwa ndani ya hifadhi ya kijiji huko Liwale, akarudi nyuma miaka ishirini mahali hapohapo, bila kukodi gari wala kulipa posho. Kwa swali la msitu unaondokea wapi, na kwa kasi gani, sioni kinachoishinda.

Sasa tuingie porini. Kikosi cha NAFORMA kikifika kwenye ploti, yaani kieneo cha sampuli, kilipima duara la nusu kipenyo mita 15, ambalo ndani yake kuna maduara madogo. Miti minene inapimwa kwenye duara zima, myembamba inapimwa karibu na kitovu tu. Utepe unazungushwa kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Mti ukiwa mteremkoni, mpimaji husimama upande wa juu. Ukigawanyika chini ya kimo hicho, unahesabiwa kama miti miwili. Ni mambo madogo, lakini utepe ukisoma sentimita 33 kwenye shina la sentimita 30, eneo la shina limeongezeka asilimia 21 papo hapo. Ukiwa na kikosi kilichochoka, saa nane mchana, kwenye kichaka cha miiba, makosa ya aina hiyo hayaepukiki.

Majina nayo ni shughuli. Mninga wa Tabora kule kusini wanauita mtumbati, na mwandishi asiye na mzee wa kijiji pembeni yake ataandika aina mbili za miti kwenye fomu wakati ni moja.

Halafu kuna ukubwa wenyewe. Duara la mita 15 ni mita za mraba 707 hivi. Ploti zilizopimwa nchi nzima zilizidi 32,000, kazi ya miaka kadhaa kwa fedha za Finland na msaada wa kitaalamu wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Zikusanye zote pamoja, unapata takribani hekta 2,300, zinazosimamia nchi yenye hekta zaidi ya milioni 88. Mtu wa setilaiti akizicheka, simlaumu sana.

Ila asicheke hadi mwisho. GEDI, mtambo wa leza uliopandishwa kwenye kituo cha anga za juu Desemba 2018, nao hupima sampuli: viduara vya kipenyo cha mita 25, vimeachana kama mita 60 kwenye mstari mmoja. Na kinachopimwa ni kimo na mpangilio wa majani, si uzito wa mbao. Ili kimo kigeuke tani, lazima awepo mtu aliyekwisha kuzungusha utepe mahali fulani. Kwa hiyo tani za kwenye ramani ya kompyuta zina asili yake kwenye fomu ya karatasi iliyojazwa porini, makosa yake yakiwemo.

Miombo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya misitu yetu, inazidisha tabu. Kiangazi hupukutisha majani, moto unapita, na picha ya Septemba yaweza kuonesha uwanda ambao Machi ilikuwa kijani tupu. Mikorosho ya Lindi na Mtwara, kwa upande wake, inafumba ardhi mwaka mzima na huweza kuhesabiwa kuwa msitu. Tena kwa tafsiri rasmi ya Tanzania, nusu hekta yenye miti ya mita 3 inayofunika asilimia 10 ya ardhi inatosha kuitwa msitu. Sogeza asilimia hiyo kidogo tu, na mamilioni ya hekta yanaingia au kutoka bila shoka kugusa mti.

Mimi naegemea kwenye utepe, na sababu iko Kilwa. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake na kuvuna, mradi kiwe na mpango unaotokana na hesabu ya miti. Vijiji vya Kilwa vilivyopata cheti cha FSC, cha kuthibitisha msitu unatunzwa vizuri, mwaka 2009 vilihitaji kujua jambo moja: mipingo iliyofikia unene wa kuvunwa ni mingapi, na iko wapi. Mpingo ni mti mfupi, umepinda, umejificha kati ya mingine, na mbao yake ni nzito kiasi cha kuzama majini. Leza ya angani haiwezi kuutofautisha na jirani yake asiye na bei. Wajumbe wa kamati ya maliasili wanaupata kwa kutembea.

Wanaosema tuchanganye njia zote mbili wako sahihi, ila bajeti haichanganyiki kirahisi hivyo. Setilaiti itapita tu, tulipe tusilipe. Wazungu wameshailipia: setilaiti ya Ulaya iitwayo Biomass, yenye rada inayopenya majani, ilirushwa Aprili 2025, na takwimu zake ni za bure. Kurudi kwenye ploti ileile baada ya miaka kumi, kukipata kitovu chake na kupima miti ileile, hiyo ndiyo kazi isiyo na mfadhili wa kudumu. Shilingi ikiwa moja, mimi ningeiweka hapo.